Kwanini bomba lilelile linapasuka usiku na kukauka asubuhi

Kuna swali ambalo mtaani kwetu tulizunguka nalo karibu miaka miwili. Bomba letu moja, la mtaa mmoja, linapasuka saa tisa usiku maji yanaruka mpaka kwenye bati, alafu saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku nyingine mama wa nyumba ya mwisho anafungua koki inakohoa hewa tu. Kama maji ni mengi mbona asubuhi hamna, na kama ni machache yanapata wapi nguvu ya kupasua bomba? Kila mtu alikuwa na jibu lake, wengine wakasema kuna mtu anafunga koki makusudi, wengine wakasema wenye pampu za kuvutia maji ndo wanatumaliza, vikao viwili vya mtaa vikaisha watu wamenuniana. Kumbe jibu lilikuwa limelala ardhini kwetu wenyewe, na liko siku zote kwenye vitabu vya viwango vya kusanifu mitandao ya maji. Naomba nilieleze hapa taratibu, manake naona mitaa mingi Moshi na Arusha inachangishana sasa hivi kuvuta maji na inaelekea kulekule tulikopita sisi.

Nianze na ardhi yetu. Moshi imekaa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mji wenyewe kutoka juu mpaka chini unacheza kati ya kama mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari, yaani ukitoka kule juu hospitali ya KCMC na Longuo ukashuka mpaka Pasua na kuelekea Mabogini, baiskeli inaenda yenyewe hupigi pedeli. Kwa maji hiyo ni neema kubwa, chemchemi kama Nsere na Shiri zinaleta maji mjini kwa mteremko tu bila bili ya umeme, wakati miji mingine inalipa luku usiku na mchana kupandisha maji. Lakini mteremko huohuo ndo unaopasua mabomba, na ukielewa hapo mengine yote yanafuata.

Maji yakiwa yametulia ndani ya bomba, presha haijali bomba ni nene au jembamba, haijali limepinda wapi wala lina urefu gani. Inaangalia kitu kimoja tu, uso wa maji kule kwenye tenki umekuzidi mita ngapi kwenda juu. Kila mita 10 za kimo ni kama bar 1. Sasa chukua mfano tenki liko mita 950 na koki yako iko mita 700, tofauti ni mita 250, hiyo ni bar 25. Tairi la gari dogo linajazwa bar 2 na kitu, pata picha. Na mabomba ya PVC unayoyaona yamepangwa nje ya maduka ya hadwea yana klasi zake, B ni ya bar 6, C bar 9, D bar 12, E bar 15. Hata E haifiki. Kwa hiyo mji wa mteremko hauwezi kulishwa na tenki moja la juu kabisa na bomba moja linaloshuka mpaka chini, hata kama tenki lina maji ya kutosha watu wote, lazima mji ukatwe kwenye kanda za presha kama ngazi za shamba la mlimani.

Hizo ngazi zinapangwaje? Hapa ndo viwango vinapoingia. Sisi Tanzania tuna mwongozo wa Wizara ya Maji wa usanifu, usimamizi wa ujenzi, uendeshaji na matengenezo, toleo la nne lilitoka 2020, na huo ndo mhandisi wa hapa anatakiwa aufuate. Ila kwa kufafanua nitachukua namba za kiwango cha Urusi cha mitandao ya maji ya nje, SNiP 2.04.02-84, cha tangu enzi za Sovieti na kimekuwa kikiboreshwa mpaka leo, kwa sababu kinasema kwa lugha ambayo hata mtu asiye mhandisi anaielewa. Kinasema hivi, nyumba ya chini isiyo na ghorofa, pale bomba linapoingia presha isipungue mita 10 za maji juu ya ardhi, na kila ghorofa linaloongezeka ongeza mita 4. Kwa hiyo nyumba ya ghorofa mbili juu ya ile ya chini inataka mita 18. Na kwa upande wa juu, presha kwa mteja isizidi mita 60.

Tulia na hizo namba mbili, 10 na 60, manake zikikutana na mteremko wetu zinazaa ramani nzima. Nyumba ya juu kabisa kwenye kanda inatakiwa ipate angalau mita 10, nyumba ya chini kabisa kwenye kanda hiyohiyo isizidi 60, kwa hiyo ndani ya kanda moja ardhi inaweza kushuka mita 50 tu. Mji wenye mteremko wa mita 250 ukiugawa kwa 50 unapata kanda tano. Tano! Kila kanda na tenki lake au na valvu yake ya kupunguza presha. Mji wa tambarare wenye watu walewale unaweza ukatosheka na kanda moja. Ndo maana huwezi kuchukua ramani ya mji wa pwani ukaja kuibandika Moshi, wala Arusha ambako ukitoka Ilboru ukashuka mpaka Muriet unashuka kwa Mlima Meru kama sisi tunavyoshuka kwa Kibo.

Wazee wetu wa Kichagga walilijua hili kwa namna yao kabla ya bomba lolote. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, unatoka juu kwenye mto unazunguka vihamba, mashamba ya nyumbani, kwa mteremko mdogo sana, unaweza kutembea pembeni yake nusu saa ukaona kama maji yanaenda tambarare, na pale ardhi inaposhuka ghafla wanayaachia maji yaanguke wazi kisha yanaanza upya kutembea polepole. Mfongo haujengi presha kwa sababu uko wazi juu, kila mahali maji yanagusana na hewa. Bomba ni mfongo uliofunikwa, na ukishaufunika kila mita unayoshuka inajilimbikiza chini. Tenki la kukata presha, lile litenki dogo la zege unaloliona porini katikati ya mradi hujui kazi yake, linachofanya ni kulifungua bomba liwe mfongo kwa muda, maji yanamwagika humo ndani, presha inarudi sifuri, alafu bomba linaanza kuhesabu upya kwenda chini. Basi. Watu wengi wanadhani yale matenki ni ya kuhifadhia maji wanalalamika mbona ni madogo.

Sasa turudi mtaani kwetu, upande wa chini ukishapita Pasua. Nyumba 40 kwenye barabara ya vumbi kama mita 300 hivi, inashuka taratibu mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Bomba kubwa linapita barabara ya juu, sisi tukachanga kununua la kwetu la kuingia ndani. Kikao kikaamua inchi moja, klasi B, kwa sababu ilikuwa bei nafuu na fundi aliyetusaidia alisema inatosha. Na kweli siku ya kufungua tulifungua saa nane mchana, koki ya nyumba ya mwisho ikatoa maji ya nguvu, watu wakapiga makofi, mama mmoja akanawa uso palepale. Hakuna aliyetudanganya siku ile, tulipima vizuri kabisa, tatizo tulipima saa ambayo hakuna anayechota.

Kitu cha pili kwenye viwango ambacho ni muhimu kama presha ni kwamba bomba halisanifiwi kwa matumizi ya wastani, linasanifiwa kwa saa mbaya kuliko zote. Tufanye hesabu ya mtaa wetu. Nyumba 40 kwa watu 5 ni watu 200, tuseme kila mtu lita 100 kwa siku na choo cha kuflashi kikiwemo, ni lita 20,000 kwa siku. Ukizigawa sawasawa kwa masaa 24 unapata kama lita 0.23 kwa sekunde, kidogo sana, bomba la inchi moja linapitisha hilo bila jasho. Lakini nani anatumia maji sawasawa masaa 24? Saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu asubuhi watoto wanaoga waende shule, chai inapikwa, vyoo vinavutwa, kuna anayemwagilia mchicha kabla jua halijatoka, wote kwa pamoja. Kwa mtaa mdogo kama wetu saa ya kilele inaweza kufika mara nne ya wastani, yaani kama lita 0.93 kwa sekunde. Mji mzima kilele chake kinakuwa cha chini zaidi kwa sababu watu wengi hawafungui koki dakika moja, lakini mtaa mmoja unaamka pamoja.

Na hapo ndo msuguano unapotuumbua. Maji yakitembea yanajisugua kwenye kuta za bomba na yanapoteza presha, na upotevu hauongezeki sawa na mwendo, unaongezeka kwa kasi zaidi. Kuna fomula ya Wamarekani wawili, Hazen na Williams, ya mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi wa maji bado wanaitumia mpaka leo, nimeipiga kwa bomba letu la mita 300 la inchi moja. Kwa matumizi ya wastani unapoteza kama mita 4 tu za presha, hutaona tofauti. Kwa saa ya kilele unapoteza kama mita 52. Bomba lilelile, urefu uleule, maji yameongezeka mara nne na upotevu umeongezeka mara kumi na tatu. Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa hesabu nilimpa karatasi akaipiga upya mara mbili akanirudishia amenyamaza.

Sasa ona kipenyo kinavyofanya. Ukiweka inchi mbili badala ya moja, maji yaleyale ya saa ya kilele yanapoteza mita 1.8 badala ya 52. Umeongeza kipenyo mara mbili, upotevu umepungua karibu mara 29. Watu kwenye kikao wanafikiri inchi mbili inapitisha mara mbili ya inchi moja, au aliyesoma kidogo anasema mara nne kwa sababu ya eneo la duara, lakini kwa presha ileile inapitisha kama mara sita. Hamna sehemu kwenye mradi wa maji ambapo hela inayoongezwa inarudi haraka kama kwenye kipenyo, na hamna sehemu ambapo vikao vinabana hela kama hapo. Mtaro ni uleule, kuchimba ni kulekule, kinachoongezeka ni bei ya bomba peke yake.

Tulinunua geji ya presha, ile ya saa yenye mshale, tukaifunga kwenye koki ya nyumba ya mwisho. Saa nane usiku mshale ulisimama kwenye bar 6 na kidogo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi haukufika bar 1. Mimi na kijana wa yule mama tulikuwa tumechuchumaa pale na tochi ya simu, na kila jirani alipowasha taa ya bafuni mshale ulikuwa unashuka kidogo, taa nyingine, unashuka tena, mpaka ukalala kule chini. Tenki la yule mama liko juu ya mnara wa mita 6 na presha yenyewe haijafika mita 10, maji yatapandaje ya maana? Ndo koki ikawa inakohoa. Na usiku wote wakilala, maji yamesimama, msuguano hamna, presha yote ya kimo inarudi kamili, bar 6 na zaidi kwenye bomba la klasi B ambalo mwisho wake ni bar 6. Swali letu la miaka miwili likaisha pale kwenye kile kimduara cha kioo. Bomba linapasuka usiku KWA SABABU hakuna anayechota, linakauka asubuhi KWA SABABU wote wanachota, maji ni yaleyale.

Na kuna kishindo juu yake. Maji yanayotembea yana uzito, mtu akifunga koki ghafla yanagonga kama gari lililokosa breki na presha inaruka. Mrusi mmoja, Nikolai Zhukovsky, alilipima hili kwenye mabomba ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19 akatoa fomula inayotumika dunia nzima mpaka leo. Kwenye bomba la chuma, ukisimamisha ghafla maji yaendayo mita 1 kwa sekunde presha inaruka kama mita 100, kwenye plastiki inapungua kwa sababu bomba linatanuka kidogo, kama mita 40 hivi. Maji ya mtaa wetu saa ya kilele yalikuwa yanaenda karibu mita 2 kwa sekunde, bomba jembamba lazima maji yakimbie. Ndo maana wasanifu wanapenda mwendo ubaki kati ya nusu mita na mita moja na nusu hivi kwa sekunde, ukiwa chini sana uchafu unatuama, ukizidi sana msuguano na kishindo. Na ndo maana klasi ya bomba inachaguliwa kwa presha ya usiku ukijumlisha na kishindo, sio kwa presha uliyoiona mchana.

Niseme kidogo kuhusu kuvuja kwa sababu inauma. Tundu la milimita 5, dogo kuliko kifuniko cha kalamu, kwenye bomba lenye presha ya mita 60 linamwaga kama lita 35,000 kwa siku. Mtaa wetu mzima, watu 200, wanatumia 20,000. Yaani tundu moja ambalo halijaonekana juu ya ardhi linakunywa kutuzidi sisi wote. Shusha presha mpaka mita 30 tundu lilelile linamwaga kama 25,000, bila kuziba chochote umeokoa lita 10,000. Kwa hiyo kile kikomo cha mita 60 kinalinda koki yako isipasuke na pia kinalinda chemchemi.

Kikomo cha chini nacho watu wanakichukulia kama starehe tu, kwamba ni ili maji yatoke kwa nguvu. Hapana, ni afya. Bomba lenye presha likiwa na ufa linatoa maji nje. Bomba lililokauka saa ya kilele, kule juu mtu amewasha pampu anavuta, linanyonya ndani kile kilicho kwenye mtaro, na mtaro wa mtaani kwetu mvua za masika unajua una nini. Ndo maana kuna kanuni kwamba bomba la maji safi lisikae karibu na la maji taka, kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni mita 3 kwa pembeni, na yakikatana la maji safi lipite juu likipishana kwa sentimita 40 au 45. Na ndo maana klorini inatakiwa ibaki kidogo mpaka koki ya mwisho, Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Mwisho wa bomba lisilozunguka maji yanalala, klorini inaisha, ladha ya ukoko inaanza. Kwa hiyo wasanifu wanapenda mtandao wa duara, maji yaweze kufika nyumba moja kwa njia mbili, na faida nyingine ni kwamba fundi akifunga kipande kimoja kurekebisha, mtaa mzima haukauki.

Zimamoto ndo watu wanalisahau kabisa. Kiwango nilichotaja kinataka makazi ya watu elfu moja mpaka elfu tano yawe na uwezo wa lita 10 kwa sekunde za kuzima moto, kwa masaa matatu, ni lita 108,000, zikae kwenye tenki zinasubiri. Linganisha na kilele cha mtaa wetu, 0.93. Moto mmoja unataka mara kumi ya mtaa wetu wote ukioga. Hilo peke yake linaamua kipenyo, bomba lenye haidranti, ile koki ya barabarani ya kuchotea maji gari la zimamoto, lisipungue milimita 100, na haidranti ikae ndani ya mita 2.5 kutoka ukingo wa barabara na isikaribie ukuta wa nyumba chini ya mita 5, gari lifike na askari asiunguzwe. Angalia sehemu zetu zilizojengwa kwa kubanana, mbao na mabanda, uhesabu umeona haidranti ngapi. Mitaa inayojivutia maji kwa inchi moja kila mtu na lake, yale mabomba yanayolala pembeni ya barabara kama tambi, inaweza kupata maji ya chai lakini haitapata hata siku moja maji ya kuzima moto, na kinachouma ni kwamba zile hela zote za tambi ukizijumlisha zingenunua bomba moja la maana.

Kuna jambo la kwetu ambalo hakuna kitabu cha nje kitakuandikia, Desemba. Viwango vina kitu kinaitwa siku ya matumizi makubwa, Warusi wanachukua mara 1.1 mpaka 1.3 ya wastani wa mwaka. Lakini wao hawana Krismasi ya Kilimanjaro. Kuanzia katikati ya Desemba magari yanapanda kutoka Dar, kila boma lililokuwa na bibi na bwana linakuwa na watoto na wajukuu, nyumba iliyokaa imefungwa mwaka mzima ina watu 15, mbuzi anachinjwa, sufuria zinaoshwa usiku. Na Desemba ukishavuka mvua za vuli unaelekea kiangazi cha Januari. Mhandisi anayesanifu mtandao wa Kibosho, Uru au Marangu bila kuijua Desemba atasanifu vizuri kwa miezi kumi na moja.

Kuhusu kina nitapita haraka. Urusi wanafukia bomba nusu mita chini ya pale baridi inapogandisha udongo, kwa hiyo sehemu nyingi wanachimba kwenda karibu mita mbili na zaidi. Sisi hatugandi, tunachimba futi tatu kwa sababu ya malori, jembe na jua. PVC ikikaa juani inakuwa kavu kama biskuti, ukiiona imepauka mkononi mwa muuzaji iache. Na usilaze bomba juu ya mawe, weka udongo laini au mchanga chini yake, mawe yetu ya volkano yana makali.

Hewa pia. Bomba likipanda kilima kidogo alafu likashuka, pale juu hewa inajikusanya na kuziba njia, kila kilele cha bomba kinataka valvu ya kutoa hewa, na kila bonde, pale linapovuka korongo, linataka koki ya kumwagia tope. Ukiona bomba kwenye ardhi yetu ya makorongo halina hata moja kati ya hizo, aliyelilaza hakupima mwinuko.

Arusha wametupa somo kubwa kwa upande mwingine. Mradi wao wa bilioni 520, uliokopeshwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 mpaka milioni 200 kwa siku, na kwa mkoa ule kuna floraidi ya volkano, madini yanayoharibu meno yakizidi, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi kuzunguka Meru vinazidi hapo, kwa hiyo chanzo chenyewe kinachaguliwa kwa meno ya watoto kabla ya wingi. Lakini maji mara tano kwenye chanzo hayamaanishi mara tano kwenye koki. Ukiyasukuma kwenye mabomba ya mtaani yaliyolazwa kwa ajili ya maji ya zamani, yale membamba ya klasi ndogo, yanakutana na hesabu ileile ya mtaa wetu, kwa hiyo kanda na vipenyo lazima viende pamoja na visima.

Sisi tulirudi kuchanga mara ya pili, na niseme ukweli ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, watu walikuwa wameshachoka. Kilichosaidia ni ile geji. Tulimwita kila mzee aliyekuwa anapinga aje auone mshale mwenyewe saa nane usiku na saa moja kasoro asubuhi, wengine walikuja na blanketi begani. Safari hii tukaomba wahandisi waje kupima mwinuko kabla ya kununua chochote, tukapewa kibali, tukalaza inchi mbili klasi D, na pale mwanzo wa mtaa ikafungwa valvu ya kupunguza presha iliyowekwa bar 3. Mtaa unashuka kama mita 10 mpaka mwisho, kwa hiyo nyumba ya mwisho inapata bar 4 maji yakiwa yamesimama.

Tulipima tena wiki iliyofuata na kijana yuleyule, tochi ileile. Usiku mshale kwenye 4. Asubuhi taa za bafuni zikaanza kuwaka moja moja, tukasubiri, mshale ukashuka kidogo mpaka kama 3 na robo tatu ukasimama hapo, na juu ya mnara tukasikia maji yanaanguka ndani ya tenki. Geji kwa sasa haipo kwangu, wameiazima mtaa wa pili, wanafunga leo usiku kwenye koki ya nyumba yao ya mwisho kabla ya kikao cha Jumapili.